Kiguu na Kompyuta ya Nukta Nundu

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, Kiguu alikuwa wa kwanza kutoka mlangoni. Hilo halikuwa jina alilopewa alipozaliwa. Msichana huyu wa miaka kumi na miwili aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa kiguu na njia kwelikweli: hakuweza kutulia mahali hata kwa muda wa kumenya chungwa. Akiketi, goti lilicheza. Akisimama, vidole vilitafuta kitu cha kugusa. Mwalimu wake alipata kusema kwamba mtoto huyu angekuwa saa, siku ingekwisha kabla ya adhuhuri.

Kutoka darasani alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya mama yake, chumba kirefu chenye madirisha mawili nyuma ya shule. Humo mama alikuwa akigeuza vitabu vya kawaida kuwa vitabu vya nukta nundu, yaani maandishi ya vijinundu ambayo wanafunzi wasioona huyasoma kwa ncha za vidole. Kompyuta ilisimama juu ya meza ya mbao, na kando yake printa nene kama sanduku la nguo. Printa hiyo haikutumia wino. Iliinua vijinundu kwenye karatasi nzito kwa sindano, na ilipofanya kazi ilivuma kama mvua ya mawe juu ya bati. Kazi ya Kiguu ilikuwa kuchana kingo za karatasi, kuzipanga na kuzifunga kwa pete za plastiki.

Alhamisi moja, mambo yalikuwa moto. Mtihani wa hisabati ulikuwa Jumatatu, na sura ya mwisho ya kitabu, ile ya pembe na maumbo, ilikuwa bado haijachapwa. Mama alikuwa amekwisha kuandaa michoro yote kwenye kompyuta: pembetatu, duara na pembe mraba, kila mstari ukiwa safu ya nukta. Kilichobaki kilikuwa kuchapa, lakini karatasi nzito zilikuwa zimekwisha.

"Nakwenda kununua karatasi," mama alisema huku akijifunga kilemba. "Wewe panga hizo kurasa za jana. Na usiiguse kompyuta. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Umesikia kwa masikio au kwa mdomo?"

"Kwa masikio, mama."

Kiguu alipanga kurasa kwa muda. Kisha akafungua dirisha. Kisha akalifunga. Akafagia mahali palipokuwa safi. Ndani ya mkoba wake kulikuwa na flashi aliyoazimwa na mwanafunzi mwenzake, yenye programu ya kutengeneza katuni, na mawazo ya ile flashi yalimwasha kama upupu.

"Kutazama si kugusa," alijiambia. Mkono ulikuwa tayari kwenye kipanya.

Programu ya katuni ilikataa kufunguka. Kompyuta ile ilitumia mfumo wa Linux, na ujumbe ulisema kwamba maktaba kuu ya mfumo ilikuwa ya toleo la zamani mno. Kiguu alijua kidogo maana yake. Maktaba hiyo haina vitabu. Ni fungu la maagizo yaliyomo ndani ya kompyuta, ambalo karibu kila programu huliazima ili iweze kufanya kazi yake. Rafiki yake huyo aliyemwazima alikuwa ameweka toleo jipya la maktaba hiyo kwenye flashi ileile. Kilichotakiwa kilikuwa neno la siri la mama tu, na Kiguu alikuwa amemwona akiliandika mara nyingi hata vidole vyake mwenyewe vililijua.

Akaagiza kompyuta ipokee toleo jipya kwa nguvu. Ikamwonya: "Hatua hii inaweza kuharibu mfumo. Una hakika..." Hakuisoma sentensi hiyo hadi mwisho. Akaandika "ndiyo".

Katuni ikafunguka! Kiguu akachora mbu aliyevaa viatu, akamchezesha, akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka. Aliposikia viatu vya mama kwenye kokoto za nje, alifunga kila kitu, akachomoa flashi na kurukia kurasa zake kana kwamba hakuwahi kuziacha.

Mama aliingia na Profesa. Profesa alikuwa mvulana wa darasa la saba asiyeona tangu utotoni. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu kosa la herufi moja lilimkera kama jiwe ndani ya kiatu. Kila kitabu kilipochapwa, yeye ndiye aliyekisoma kwanza kwa vidole na kusema palipoharibika. Siku hiyo alikuwa amebeba bunda la karatasi kichwani.

"Leo nitaigusa pembe mraba," alisema, akilitua bunda. "Muhula mzima mwalimu anasema 'tazameni mchoro'. Wenzangu wana kitabu, mimi nina masikio."

Mama akatabasamu, akaweka karatasi na kufungua programu ya nukta nundu. Dirisha likatokea, likapepesa, likatoweka. Akajaribu tena. Likatoweka tena.

"Imekubali?" Profesa aliuliza.

"Bado."

Mama alizima printa na kuiwasha. Akachomoa nyaya na kuzichomeka upya. Akafungua kifuniko, akapangusa sindano kwa kitambaa. Kila alipojaribu, Profesa aliuliza "Sasa?" na kila mara jibu lilikuwa lilelile. Goti la Kiguu lilicheza kwa kasi hata meza ikatikisika.

Hatimaye mama alijinyoosha. "Asubuhi ilikuwa nzima kabisa. Nani amegusa hapa?"

Kiguu alifungua mdomo. Kisha akaufunga, akajifanya anapanga kurasa.

"Labda ni mimi, mama," Profesa alisema polepole. "Mchana nilichomeka kinasa sauti changu kwenye kompyuta kipate chaji. Uliniruhusu."

"Ah! Basi huenda ndicho kilichotuletea balaa," mama alisema kwa ukali ambao haukuwa kawaida yake. "Kwa nini sikukukataza!"

Nje ya dirisha wanafunzi wawili wa darasa la saba walikuwa wakipita, wakasikia.

"Nisamehe, mama. Sikujua kama kitaharibu," Profesa alisema, kichwa chini. Kiguu alitazama vidole vya miguu yake mwenyewe.

Mama alimpigia simu fundi wa kompyuta, simu haikupokelewa. Akachukua mkoba na kutoka kwenda kumfuata dukani kwake. Profesa akaenda kuketi kibarazani. Kiguu akabaki na mashine.

"Nitairekebisha kabla hawajarudi," aliwaza. "Kama tatizo ni toleo jipya, naliondoa tu. Mambo yatarudi yalivyokuwa, na hapatakuwa na kesi."

Akaingia ndani ya mfumo, akalitafuta faili la maktaba mpya, akalihamisha mahali pengine. Kisha akataka kulileta la zamani. Akaandika amri ya kunakili. Kompyuta ikajibu kwamba haiwezi. Akaandika amri ya kuorodhesha mafaili. Haiwezi. Akataka kulirudisha lile jipya alilolihamisha. Haiwezi! Kila amri aliyoijua ilikuwa nayo ikiazima maagizo kutoka maktaba hiyohiyo, na maktaba haikuwepo tena mahali pake. Alikuwa amelikata tawi alilolikalia.

Aliandika tena na tena, akihema.

"Unafanya nini?" Profesa alikuwa amesimama mlangoni. "Kibodi inalia kama kuku anayedonoa bati."

"Hakuna kitu."

"Hakuna kitu hakihemi namna hiyo."

Kiguu alijaribu kucheka, kicheko kikageuka kwikwi. Akamweleza yote: flashi, katuni, neno la siri, na sasa hili. Profesa alisikiliza bila kusogea.

"Kwa hiyo ulikuwa umeketi hapo," alisema mwishoni, "ukinisikiliza naomba msamaha kwa kosa lako?"

Kiguu aligeukia skrini. Ingekuwa nafuu kama angepigwa kofi.

"Ngoja nizime, halafu niwashe," alisema, mkono ukielekea kwenye swichi. "Labda..."

"Usiguse!" Profesa alisema. "Mimi nikipotea njia siongezi mwendo. Nasimama, nauliza. Wewe umepotea na bado unakimbia."

Kiguu aliuondoa mkono. Kuuondoa kulimwia vigumu kuliko kukimbia mbio ndefu za shule. Alitazama mlango, akatazama skrini. Alijua kwamba akingoja, ujasiri wake utapoa kama chai. Basi akatoka mbio hadi barabarani, akawakuta mama na fundi wakija, na hapohapo, mbele ya watu waliokuwa wakipita, akasema:

"Mama, si Profesa. Ni mimi. Niliibadilisha maktaba ya mfumo ili nicheze katuni. Halafu nikajaribu kuiondoa, na sasa hakuna amri inayofanya kazi."

Mama hakufoka. "Twende," alisema tu, na neno hilo moja lilimuuma Kiguu kuliko maneno mia.

Fundi yule walimwita Dada Waya, kwa sababu mkoba wake ulitoa nyaya kila upande kama miguu ya jongoo. Aliingia karakanani, akavuta kiti, lakini hakugusa kibodi.

"Umeizima?" alimuuliza Kiguu.

"Hapana, dada. Profesa alinikataza."

"Profesa, Mungu akuzidishie. Ingezimwa, isingewaka tena yenyewe, na hofu ingewafanya muivuruge zaidi." Akamgeukia Kiguu. "Sasa niambie ulichofanya. Usiniambie ulichokusudia. Niambie ulichoandika, neno kwa neno."

Kiguu akasema yote, pamoja na onyo ambalo hakulisoma na jibu lake la "ndiyo". Hakuruka kitu. Dada Waya aliitikia kwa kichwa.

"Umeniokolea kazi," alisema. "Mama yako aliniambia printa imekufa. Ningeshinda hapa mpaka kesho nikifungua skrubu za mashine isiyoumwa."

Kwanza aliunganisha kompyuta kwenye betri yake nzito, ili umeme ukikatika katikati ya kazi wasiumbuke. Kisha akatoa flashi nyingine. Hiyo ilikuwa na Linux nzima ndani yake, yenye maktaba yake yenyewe.

"Kompyuta iliyopoteza maktaba yake haiwezi kujiinua," alieleza. "Sasa tunaweza kuizima: tutaiwasha kwa mfumo huu wa pembeni, tuitibu kutoka nje."

Skrini ikawaka. Kiguu akapumua. "Sasa turudishe la zamani upesi!"

"Upesi unakwenda wapi? Mgonjwa ana mali. Kwanza tunaiweka mali salama." Dada Waya akachomeka diski ya nje na kuanza kunakili vitabu vyote vya mama. Mstari wa kijani ulitambaa kwenye skrini kama konokono. Kiguu alisimama, akaketi, akasimama. Aliuma kucha. Alizunguka meza mpaka mama akamshika bega na kumkalisha karibu na Profesa, ambaye bado hakumsemesha.

Nakala ilipokamilika, Dada Waya alipekua ghala la kompyuta, mahali inapoweka akiba ya vifurushi vya programu ilizowahi kupokea. Toleo la zamani la maktaba lilikuwemo, zima.

"Hili hapa," alisema. "Sasa, Kiguu, njoo. Wewe ndiye utakayesoma. Nitaiuliza kompyuta ifanye majaribio tu: ituambie ingefanya nini kama tungeikubalia, bila kufanya lolote. Soma kwa sauti. Kila mstari."

Orodha ilikuwa ndefu. Kiguu alianza kuisoma kwa pupa, akirukaruka.

"Rudi mwanzo," Dada Waya alisema.

Akarudi mwanzo. "Maktaba kuu: itashushwa kutoka toleo jipya hadi la zamani." Akaendelea, mstari kwa mstari, kidole kwenye skrini. "Programu zitakazoondolewa..." Majina yalimchosha macho. Mwisho wa orodha kompyuta ilikuwa ikisubiri: ndiyo au hapana? Ah, neno moja tu, na mateso yangekwisha! Lakini alijilazimisha kumaliza. Jina moja likamfanya asite. Akalisoma tena, polepole.

"Dada," alisema, "hapa imeandikwa itaiondoa programu ya nukta nundu."

Mama alishtuka. Profesa akainua kichwa.

"Kweli kabisa," alisema Dada Waya. "Ungesema ndiyo, tungepata kompyuta nzima isiyo na kazi. Unajua kwa nini inataka kuiondoa? Maktaba hii haiishi peke yake. Ina ndugu zake, vifurushi vidogo vinavyotembea nayo, na flashi ya rafiki yako iliwapandisha wote toleo. Ukimshusha mkubwa peke yake, wadogo wanagoma, na kompyuta inaona bora iwafukuze wote, pamoja na wanaowategemea. Dawa ni kuwashusha wote pamoja, kwa agizo moja."

Wakawatafuta ndugu wote ghalani, mmoja baada ya mwingine, Kiguu akisoma namba ya toleo na Dada Waya akiihakikisha. Wakafanya jaribio tena. Kiguu akasoma upya, kutoka juu hadi chini, bila kuambiwa.

"Hakuna itakayoondolewa," alisema.

"Una hakika?"

Akasoma mara nyingine. "Nina hakika."

Dada Waya akakubali. Kompyuta ilinguruma kwa dakika chache. Akaijaribu kwanza akiwa bado kwenye mfumo wa pembeni, akaona amri zinaitika. Ndipo alipochomoa flashi na kuiwasha kompyuta upya. Hata goti la Kiguu lilitulia.

Ukurasa wa kuingilia ukatokea. Mama akaandika neno lake la siri, akafungua programu ya nukta nundu. Dirisha likafunguka, likabaki limefunguka. Kisha mvua ya mawe ikaanza kunyesha ndani ya printa, na hakuna aliyewahi kuifurahia mvua kama wao siku hiyo.

"Sijamaliza," Dada Waya alisema juu ya kelele. "Naifungia maktaba kwenye toleo hili, isije ikapandishwa tena bila idhini, hadi watengenezaji wa programu ya nukta nundu watoe toleo linaloelewana na maktaba mpya. Nao nitawaandikia, maana kukaa na maktaba ya zamani milele nako si afya: ina mianya ambayo wezi wa mtandaoni huipenda. Na katuni zako, Kiguu, zitafute kompyuta nyingine."

Profesa alipokea ukurasa wa kwanza ungali na joto la mashine. Vidole vyake vilipita juu ya mchoro, vikafika kwenye kona, vikasimama. Vikarudi, vikapita tena.

"Kumbe ndiyo hii," alisema. "Kona ya meza tu! Muhula mzima nilidhani ni jambo kubwa." Na kwa mara ya kwanza tangu mchana, akacheka.

Kesho yake asubuhi Kiguu alibeba vitabu hadi darasa la saba. Aliwakuta wale wawili waliopita dirishani wakimtania Profesa kwamba kinasa sauti chake kinakula kompyuta. Alitamani kuviweka vitabu mezani na kutoroka, miguu ilikuwa tayari. Badala yake alisimama mbele ya ubao.

"Aliyeharibu kompyuta ni mimi," alisema. "Profesa hakufanya kosa lolote. Nilijua, nikanyamaza, akalaumiwa yeye. Nisamehe, Profesa."

Profesa alifungua kitabu, akapapasa ukurasa kwa utulivu wa kutesa.

"Nimekusamehe," alisema mwishowe. "Lakini ukurasa wa tano umefungwa kichwa chini. Huo sijausamehe."

Darasa zima likaangua kicheko, na Kiguu pia.

Mama alikuwa amesikia yote akiwa mlangoni. Walirudi karakanani pamoja, na hapo ndipo alipomketisha.

"Neno la siri nimelibadilisha," alisema. "Si kwa sababu nakuchukia. Imani ni kama ile maktaba, mwanangu: kuiangusha ni neno moja, kuirudisha ni kazi ya hatua nyingi, na huwezi kuruka hata moja. Nitakuamini tena, lakini taratibu."

"Ndiyo, mama."

"Na jambo jingine. Kukosea si ajabu. Hata mimi jana nilikosea: nilimlaumu mtoto wa watu bila kuuliza vizuri, na nimekwisha kumwomba radhi. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Uliponyamaza, kosa dogo likazaa kosa kubwa, na mwenzako akabeba mzigo usio wake. Uliposema kweli yote bila kupunguza, tukajua pa kuanzia. Ukiharibu kitu, simama. Usikiguse tena. Mwite mwenye ujuzi, umwambie yote uliyofanya. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama," Kiguu alijibu. Kisha akaongeza, "Kwa masikio na kwa moyo."

Mama akamkabidhi kitabu cha Profesa. "Haya basi. Kafungue pete, ugeuze ukurasa wa tano. Na kabla ya kukifunga, kikague chote."